Hirizi Hainunuliwi

Mpwa wangu Saengdao,

Huku Phichit mvua imegoma, ila bata wangu wananenepa kumshinda mkuu wa wilaya. Nami ndimi yule yule ambaye risasi zilimdondoka kifuani kama punje za mchele.

Juzi alinijia mchumba wako, Thawat. Anajiita mwanafunzi wa mtawa, eti umpe ile hirizi yenye sura ya Buddha ya marehemu baba yako akaiombee upya hekaluni. Nikamuuliza, "Hiyo ya shingoni mwako umeipata wapi, baba?"

"Nimeinunua, mjomba."

"Umeinunua? Kama kambale?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Hata walevi wa huku wanajua sura ya Buddha hainunuliwi. Tunasema tumeikodi, ingawa haturudishi kamwe. Mwanafunzi wa mtawa hajui hilo?

Nikajiambia labda ulimi umeteleza tu. Lakini akiwa mlangoni akauliza, "Ya marehemu, Bangkok wangeitolea kiasi gani?"

Usiivue, mwanangu, hata akilia machozi. Kama anakutaka wewe, atakuoa ukiwa umeivaa.

Ni mimi mjomba wako Bunma, ambaye hajazaliwa wa kumlaghai.