Boti ya Bata ya Mzee Phiri

Baba yangu na fundi wangu wa kwanza,

Assalam alaykum. Nakusalimu wewe na Mama, na kabla ya yote nauliza habari ya lile goti, maana Dada Salima aliniambia siku hizi unakwenda msikitini kwa kushikilia kuta za watu. Na Mama, kifua bado kinambana asubuhi? Sisi huku kambini Dzaleka tu wazima, Alhamdulillahi. Mjukuu wako Mariamu ameota meno mapya ya mbele na anauma kila kitu kuyajaribu. Nimeandika kwa sababu simu hukatika kila nikifika mahali penye maana, na jambo hili halifai kukatwa katikati. Dada Salima, wewe unayemsomea Baba, soma polepole na usiruke mstari.

Maisha huku ni yale yale. Tunakula nsima, ugali wa huku, mpaka mkwe wako Zuhura anasema karibu tutaanza kuota kwa Kichewa. Yeye anauza mandazi mbele ya nyumba, mimi natengeneza vitanda na milango ya watu wa kambini, ambao na wao hawana kitu. Kazi ya maana iko Lilongwe, lakini kwenda kuishi kule bila ruhusa ni kujitafutia balaa. Watu waliokuwa na maduka yao mjini walirudishwa kambini na magodoro vichwani. Kwa hiyo anayepata mlango wa kutoka, hata uwe mdogo kama tundu la panya, anajipenyeza.

Mlango wangu ulikuwa boti. Usicheke, Baba. Nestori, rafiki yangu Mrundi anayepiga vibarua mjini, alikuwa akiezeka paa kule mtaa wa Nsungwi, akasikia mama mmoja anatafuta fundi wa boti. Akamwambia, "Kambini kuna Mkongomani, baba yake alikuwa anajenga boti za kuvusha watu mto Lualaba." Nikaomba ruhusa ya kutoka, nikaenda.

Mwenye boti ni baba wa yule mama, Mzee Phiri. Ujanani alikuwa mpiga kasia wa mzungu mmoja aliyependa kuwinda bata. Boti yenyewe ni ya mbao, ya zamani sana, fupi, imechongoka mbele na nyuma, na imelala chini mno ili mwindaji ajifiche kwenye matete. Mzungu alipiga, Phiri aliruka majini kumfuata bata. Mzungu aliporudi kwao alimwachia boti, na tangu hapo imekaa bandani chini ya mabati. Misumari yake ni ya shaba, Baba, na mbao zimeungwa kwa ustadi ambao ungekufanya uvue kofia. Niliipenda papo hapo. Kisha nikainama na kisu.

Mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, upande wote wa mbele ulikuwa umeliwa na mchwa. Mbao za chini zilikunywa kisu kama muhogo uliopikwa. Nikamwambia yule mama, ambaye wote wanamwita madam, kwamba kuna njia mbili tu: kuibomoa na kuijenga upya kuanzia mkuku, kazi ya miezi, au kuiacha ipumzike bandani.

"Fundi, baba yangu hana miezi," aliniambia. "Daktari amesema moyo wake umechoka. Jumamosi ukoo wote unakutana shambani kwetu, upande wa Mitundu, kuna bwawa pale. Anataka kuwapandisha wajukuu zake. Ziba, paka rangi, izunguke mara moja tu."

Nikasema mara moja inatosha kuzama. Ndipo akanionyesha karakana yake ya fanicha, mashine zimejipanga, akasema anatafuta fundi wa kudumu. Atanisemea kwa wakubwa, mimi na Zuhura na Mariamu tupate ruhusa ya kuishi mjini. Mariamu angesoma shule ya mjini. Baba, nilisema ndiyo. Nilijiambia bwawa lenyewe ni la kunyweshea ng'ombe, nani anazama kwenye bwawa la ng'ombe.

Nikawa nalala kwa Mkongomani mwenzetu, mtaa wa Chilinde, asubuhi naenda Nsungwi. Nilijaza nyufa kwa pamba na lami kama ulivyonifundisha, lakini pamba ilikuwa inashikwa na ubovu mtupu. Mzee Phiri alikaa kwenye kiti karibu yangu kutwa, blanketi magotini. Aliwahi kufanya kazi Mbeya, kwa hiyo tulisikilizana kwa Kiswahili. Aliniigizia sauti za bata, kila aina na mlio wake, mpaka anakohoa. Nilimpenda yule mzee, na kila alipocheka nilizidi kuona uchungu.

Siku moja akaniuliza, "Iwe, fundi, kule kwenu Congo, watu wanajuaje kama boti imepona?"

Hapo mdomo wangu ukanitangulia. Nikamweleza jinsi ulivyofanya pale gatini: abiria wa kwanza ni mtoto wa fundi, na anaketi chini kabisa, juu ya mahali palipotengenezwa. Nikamweleza jinsi ulivyotukalisha mimi na Salima, lami bado inanata, Mama akatupigia kelele kwa ajili ya nguo. Nilijisifu, Baba. Nilitaka ajue mimi ni mtoto wa nani.

Mzee akapiga makofi. "Chabwino, vizuri! Basi Jumamosi umlete mwana wako. Akae mbele na wajukuu wangu."

Nikainamia lami yangu. Ijumaa nikarudi kambini. Zuhura alikuwa anasonga nsima, nikamwambia ampigie Mariamu pasi gauni la Idi.

"Ya kwenda wapi?"

Nikamwambia. Akaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Baba Mariamu, si weye njo uliniambia ile boti chini yote iko bovu?"

"Nimeziba. Ni mara moja tu."

"Na bale batoto ya bengine, banajua kama iko bovu?"

Nikaushika ule mwiko, nikaendelea kusonga mimi.

"Mi nataka kutoka mu hii kambi kukupita weye," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Kila siku nafikiria. Lakini mutoto yangu hapandi. Na kama ya yangu hapandi, sema weye mwenyewe, ya bengine banapandaje?"

Jumamosi nilikwenda peke yangu. Njia nzima nilikuwa natengeneza uongo: nitasema Mariamu ana homa. Nilipofika, boti ilikuwa imewekwa kwenye majani ukingoni, rangi ya kijani inang'aa, imependeza kama bibi harusi. Watoto walikuwa wamevaa nguo za sikukuu, mmoja ameshaingia ndani na kushika kasia. Mzee Phiri alikuwa amevaa kofia yake ya kuwindia.

"Fundi! Mwana wako ali kuti? Yuko wapi?"

Neno homa lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini nani anayemsingizia mwanawe ugonjwa bure, kisha arudi nyumbani amwangalie usoni?

"Nimemuacha nyumbani, Mzee. Boti ni mbovu. Hii ni rangi tu."

Nikamtoa yule mtoto, nikaingia mimi, nikakanyaga chini kwa kisigino. Mguu ukapita mpaka kwenye goti. Mbao zilinichana, damu ikaingia kwenye kiatu. Mama wa yule mtoto akamnyakua na kumkumbatia. Madam akanifokea mbele ya ukoo mzima kwamba nimemuaibisha, kwamba sisi wakimbizi hatuna shukrani. Na rangi ile niliipaka mimi.

Mzee akanyoosha mkono watu wanyamaze.

"Na mimi peke yangu, bila watoto? Kando tu, kwenye majani?"

"Hapana, Mzee."

"Ukiziba pale ulipokanyaga?"

"Hapana. Nisamehe, Bambo."

Kisha akavua ile kofia, akaomba arudishwe nyumbani. Watoto wakapewa soda.

Kutoka hapo hakuna aliyenipigia simu. Kidonda kimepona, karakana imekwenda, nimerudi kwenye vitanda. Zuhura hajanilaumu hata kwa jicho. Mariamu ndiye amenuna, kwa sababu gauni lilipigwa pasi na safari haikuwepo.

Juzi Nestori alirudi na habari kwamba Mzee Phiri amefariki. Nilikaa chini. Nilijua daktari alisema, lakini kujua si kuzoea. Jana madam akapiga simu. Nilipokea nikiwa nimejiandaa kutukanwa, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia akamaliza. Akasema baba yake alikuwa anaulizia bwawa mpaka siku ya mwisho. Kisha akasema, "Njoo uijenge upya, fundi. Kuanzia chini, kama ulivyosema. Sasa hatuna haraka."

Baba, nililia mbele ya wateja wa mandazi. Sijui kama nilifanya vizuri au nilimnyima mtu maji yake ya mwisho, na huku hakuna fundi mwingine wa boti wa kumuuliza. Habari ya karakana hakuitaja, na mimi sikuiuliza. Nimekwishaomba ruhusa ya kutoka. Unitumie maneno kupitia kwa Salima: mkuku mpya nianzie mbele au nyuma, maana ule wa zamani umeoza kiasi kwamba hauna kipimo cha kufuata.

Mnisalimie mama mdogo anayeuza mawese, shangazi zangu wote, na imamu wetu. Mwambie Mama nakula vizuri. Zuhura na Mariamu wanawabusu mikono. Mzee Phiri hakuwa wa dini yetu, lakini ukinyanyua mikono jioni, mtaje kwa jina.

Ni mimi mwanao,
Assani