Visiki Kumi na Kimoja vya Ngassa

Jumatatu, 3 Juni 2024

Miguu imevimba tena. Daktari alisema moyo umechoka.

Asteria amepata kazi kubwa! Milango miwili ya kanisa jipya la parokia, mninga mtupu. Aliingia chumbani na vumbi la mbao kichwani, anacheka. Paroko anataka barua inayoeleza mti ulikatwa wapi na nani aliruhusu. Siku hizi wanauliza. Akasema mbao anazo, zile zangu za stoo. "Zina alama ya nyundo yako, Baba. Nani atabisha?"

Nikasema hongera, mwanangu.

Basi. Hongera tu.

Jumanne, 4 Juni

Randa inalia tangu asubuhi. Harufu ya mninga imenifikia kitandani. Mbao zile zina miaka ishirini na sita stoo. Sikuwahi kuzitengenezea hata kigoda. Marehemu mama yake Asteria aliwahi kuniuliza kwa nini. Nilimwambia nangoja zikauke.

Jumatano, 5 Juni

Leo naandika, ili kesho niweze kusema.

Mwaka 1998 nilikuwa Bwana Misitu hapa Kahama. Kazi yangu ilikuwa nyundo ya serikali. Unakwenda porini, unaona kisiki, unakigonga. Kisha unagonga gogo lililotoka kwenye kisiki hicho. Alama mbili, mti mmoja. Bila kisiki, hujui mti ni wa nani.

Mfanyabiashara mmoja wa mbao, aliyekuwa akipeleka pia magogo ya kuegemeza mashimo ya dhahabu huko Geita, alileta lori ofisini. Mininga kumi na mmoja, minene. Karatasi yake ilisema mwenye eneo ameruhusu. Sahihi ilikuwa mkwaruzo tu. Nilijua ilikotoka! Mininga minene vile ilibaki mahali pamoja tu, ngitili ya ukoo wa Ngassa, eneo walilolihifadhi tangu kwa babu zao, ng'ombe wasiingie wala shoka. Ngassa mwenyewe alikuwa msibani Mwadui wiki nzima.

Kutoka ofisini hadi kwenye visiki ni kilomita tisa. Sikwenda. Niligonga magogo pale pale uani. Wiki iliyofuata mbao kumi na nane zikaletwa nyumbani kwangu.

Ngassa aliporudi alilia mbele ya kijiji kwamba ameibiwa. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaja kuniuliza. Nikawaambia magogo yamegongwa nyundo, na nyundo haigongi bila ruhusa ya mwenye eneo. Wakaniamini. Nilikuwa msomi, nina sare.

Wakamtenga kwa kuuza mali ya ukoo na kudanganya. Hakuna kumsalimu. Hakuna kumpa moto. Mkewe akafukuzwa kisimani. Baada ya miezi miwili walihamia Buseresere.

Nilistaafu kwa sherehe.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwambia.

Alikuwa amesimama mlangoni, randa mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema fremu mbili ameshazipiga randa. Kisha: "Mimi wateja nawaambia baba yangu hakuwahi kugonga gogo la wizi. Kila mteja, Baba!"

Akatoka. Karakana kimya mchana kutwa.

Jioni aliniletea uji. Hakukaa.

Ijumaa, 7 Juni

Amekwenda kwa paroko mwenyewe, akaeleza yote. Paroko atafikiria kama atamngoja au atampa fundi mwingine.

Pia amepata namba ya Sesilia, binti wa Ngassa, akampigia na kumweleza hali yangu. Mzee yuko hai! Nilisikia sauti yake kwa nyuma kwenye simu: "Mwambie asife kwanza. Asinikimbie."

Jumamosi, 8 Juni

Asteria alikwenda Ushetu, kwenye kijiji chenye msitu wake na mpango wa kuvuna. Amerudi magoti yana matope. Aliwaambia hanunui mpaka aone visiki. Wakamcheka – "Mama fundi, unanunua mbao au unanunua pori?" – lakini wakampeleka. Ameona vyote, na miche iliyopandwa kando. Mbao ni mbichi, zitahitaji miezi ya kukauka.

Alinieleza haya akiwa amekaa kitandani kwangu. Amekaa.

Jumapili, 9 Juni

Ngassa amekuja. Mwembamba, mvi tupu, fimbo mkononi. Asteria alimpa shikamoo. "Marahaba, ng'wanone, mwanangu." Akaomba maji. Akanywa vikombe viwili, taratibu, mbele ya jirani zetu waliochungulia.

Hakuingia chumbani. Alikwenda karakana; nikajikokota hadi mlangoni nimwone. Alipapasa mbao moja moja.

"Huu ulikuwa pale kwenye kichuguu," akasema. Bila kugeuka: "Umezitunza vizuri, Bwana Misitu. Kuliko ulivyonitunza mimi."

Nilimwomba msamaha. Nikasema nitaandika barua kwa kijiji, nitie sahihi.

"Nyundo yako nayo ilikuwa barua. Wakaiamini. Leo utasema kwa mdomo, kwenye visiki. Nimeshawaita sungusungu. Saa kumi."

Nikamwambia siwezi kutembea.

"Mimi nilitembea. Watoto wanne, kitanda kichwani."

Asteria akasema daktari amekataza safari. Wakanitazama wote wawili. Nikasema nakwenda.

Sasa ni saa tisa. Guta la mizigo, la magurudumu matatu, limeletwa uani. Asteria anafunga kiti changu kwa kamba nyuma ya guta, anajaribu kila fundo mara mbili. Moyo unagonga vibaya. Nimeandika maneno ya kusema. Sijui kama nitaweza kuyasoma.

Ngassa ameingia. Ameokota mto wangu, ameukung'uta, ameuweka kwapani. Ananinyooshea mkono niinuke.

Bado hajanisalimu.