Mifano Kumi na Tisa Ambayo Babu Hakuiandika

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba msaada, na ukiweza nijibu mapema, kwa sababu mwisho wa mwezi huu babu yangu anaacha kazi ya maisha yake, na mimi ndiye sababu, ila yeye hajui.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, bado nasoma, na shuleni wananiita Kasha kwa kuwa wanasema sifunguki. Naishi na mama na babu, baba yake mama. Babu alikuwa mwalimu, na tangu astaafu amekuwa akiandika kamusi, neno moja kadi moja, kadi zimejaa kwenye maboksi ya viatu hadi juu ya kabati, na mwaka huu fundi wa chapa alikubali kuichapa ila akasema hana mtu wa kupanga kurasa, basi nikajitolea mimi, kwa kuwa kompyuta naijua na watu siwajui sana. Kila siku nikitoka shule nakaa na babu chumbani kwake kwa muda wa saa mbili, mimi napanga, yeye anasoma kurasa za jana kwa kioo chake cha kukuzia maandishi.

Fundi alinipa sharti moja. Kila ukurasa una safu mbili, na kila neno linakaa kwenye mstari wake, maana inafuata chini yake. Aliniambia, “Binti, neno lisibaki chini ya safu peke yake halafu maana yake ikaanzia juu ya safu nyingine. Hiyo ni sawa na kumwacha mgeni mlangoni, wewe ukaingia kula. Na safu zako ziishie sawasawa, nisione moja imevaa suruali fupi.”

Mshauri, sharti hilo lilinitesa. Kwenye ukurasa mmoja neno “kengeuka” lilibaki chini kabisa, peke yake, na maana yake ikaruka juu ya safu ya pili. Nilihitaji mstari mmoja tu wa kulisukuma likaungane na maana yake, na babu alikuwa amesinzia kwenye kiti, nikaona haya kumwamsha, basi kwenye “kengele”, neno lililotangulia, nikaongeza mfano wangu: “Kengele ya mapumziko ililia, yeye akabaki darasani.” Neno likasogea. Safu zikawa sawa. Nikafurahi, Mungu anisamehe, na kuanzia hapo kila neno lililokwama nililisukuma kwa mfano wa kutunga mwenyewe, kwenye “kiti” nikaandika “Kiti cha pembeni yake kilibaki kitupu hadi mwisho wa mwaka,” kwenye “mwavuli” nikaandika “Alinunua mwavuli wa watu wawili, akatembea nao peke yake,” hadi ikafika kumi na tisa.

Siku babu alipofika kwenye mwavuli aliishusha karatasi, akaniuliza, “Mjukuu wangu, hii niliandika lini?”

Nikasema, “Sijui, babu.”

Akainuka, akapekua maboksi, akaipata kadi, na mfano haukuwemo, nami nikasema moyoni sasa nimekamatwa, afadhali yaishe, lakini yeye akasema, “Basi palikuwa na kadi ya pili, nami nimeipoteza.” Akacheka kidogo. “Uzee haupigi hodi.”

Tangu siku hiyo anajiandikia kiganjani kwa kalamu kila akinywa dawa, asije akasahau. Akikuta mfano mwingine wa kwangu ananisomea polepole, na juzi alisema, “Huyu mtu wangu mbona hana mwenzake? Nadhani mwaka ule nilikuwa na hali mbaya.” Mama ameanza kumsindikiza hadi kwa kinyozi na kumngojea mlangoni kama mtoto, na babu anakubali, yeye aliyekuwa anazunguka mji mzima kuwauliza mafundi majina ya vifaa vyao. Jumapili nilimsikia akimwambia mama, “Mwanangu, mwisho wa mwezi nitamwambia fundi asimamishe. Kamusi ya mtu asiyekumbuka maneno yake haifai kuwekwa mkononi mwa mtoto wa shule.”

Nikisema ukweli ataniondoa kwenye kazi, na saa mbili zile ndizo pekee katika siku nzima ambapo mtu huvuta kiti na kuniambia “njoo ukae hapa.” Nikinyamaza, anaamini amepotewa na akili. Nimefikiria kuifuta mifano yote kimyakimya, lakini akiikosa si ndipo atazidi kuogopa? Nifanye nini?

Wako,
Kasha

* * *

Kasha mwanangu, marahaba.

Nianze na kukugombeza ili tumalizane. Mzee anajichora kiganjani kwa kalamu, na wewe unakitazama kiganja hicho ukijua hakina haja ya wino! Ile mifano kumi na tisa naiita utundu wa mtu mwenye haya. Kosa ni “Sijui, babu,” na kila siku unayonyamaza unalisema upya. Na wazo la kuifuta kimyakimya litupe leo hii. Unataka aione, kisha asiione? Hapo ndipo utamtia mtu wazimu wa kweli.

Kuhusu safu zako, nimemwuliza bwana anayepanga kurasa za gazeti hili, naye alicheka hadi akaweka kikombe chini. “Mwambie akate mstari mmoja chini ya safu zote mbili,” akasema. “Neno lihamie kwa maana yake, ukurasa uishe mapema kidogo. Nani amewahi kufa kwa mstari mtupu?” Suruali zote mbili zitakuwa fupi sawasawa, na fundi wako hatakuwa na la kusema. Wewe uliogopa nafasi tupu, ukaijaza kwa kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni moyo wako. Na pale ambapo mfano unahitajika kweli, kamusi ina mwenyewe, amekaa hatua mbili kutoka kwako. Mtu aliyesinzia huamshwa, mwanangu. “Babu, nipe mfano wa kengele.” Unadhani angekasirika? Miaka yote hiyo ameuliza watu maneno. Ni wangapi waliomwuliza yeye?

Unaogopa atakuondoa. Pengine atafoka, na ana haki ya kufoka, nawe utainamisha kichwa umsikilize mpaka amalize. Lakini tazama unachompelekea. Katika maelfu ya mistari aliyoiandika kwa mkono wake, aliitambua isiyo yake kwa kuisoma mara moja tu. Wewe unaita hiyo kusahau? Kichwa hicho ni kizima kuliko changu. Ni wewe tu unayeweza kumwambia hivyo akaamini, na umekaa na habari hiyo kama mtu aliyekalia ufunguo wa nyumba wakati wenzake wananyeshewa nje.

Kwa hiyo leo, ukitoka shule, kompyuta usiiwashe. Chukua kurasa zote, piga mstari wa penseli chini ya kila mfano wako, usiache hata mmoja kwa aibu. Mwite na mama yako, maana naye anamlinda mtu asiyehitaji kulindwa, na kesho babu aende kwa kinyozi peke yake. Usisimame mlangoni. Safari hii kiti kivute wewe, ukae karibu naye. Usithubutu kusema kompyuta imekosea. Sema, “Babu, hii niliandika mimi.” Kisha mpe kioo chake, mwache aisome yote kumi na tisa, kwa sauti, kama alivyozoea.

Akifika kwenye mwavuli atakuuliza huyu asiye na mwenzake ni nani. Usimwambie hujui.