Salamu za Waliolala

Jumatatu, 2 Juni 2025
Bariadi

Nimefika kutoka Lamadi saa nne, vumbi mpaka masikioni. Chumba ni kile kile cha nyuma kwa Benedikta, kitanda ni kile kile kinacholia ukigeuka. Mwalimu wa yoga mwenye mgongo unaouma — nisimwambie mtu.

Leo na kesho hapa, Jumatano Nkololo. Viroba viwili vya mikeka, daftari hili, suruali mbili za kitenge. Ndiyo ofisi yangu hiyo. Miaka sita naizunguka Simiyu hivi, polepole, bila bosi. Wakinipa michembe ya viazi nakula michembe. Naipenda kazi hii kuliko nilivyowahi kumpenda mtu.

Halafu Benedikta kanisogezea simu. Si yule binti yako huyu?

Winnie! Uwanja wa Mwandoya, wanawake wamejaa, spika inapiga, yeye yuko mbele na suruali ya zambarau iliyombana. Kajiita Kocha Winnie. Tangu lini yoga ikawa na kocha? Benedikta kasema anapendeza. Nikasema kweli, anapendeza. Nimeitazama video hiyo mara nne mbele yake, nikajitia sijali. Ya tano nimeitazamia chooni.

Jumanne, 3 Juni

Darasa la asubuhi, watu saba. Nimewanyoosha kwa hasira. Mmoja kauliza kama nimeamkia upande mbaya.

Miezi minane yule msichana alinibebea mikeka. Nilimkuta Lamadi kwa mama yake, anageuza dagaa juani. Kukaa, kupumua, kukunja mgongo bila kuumiza kiuno — vyote kavipata kwangu. Februari alipiga magoti kuniaga, akasema anataka kupumzika kidogo nyumbani. Kupumzika!

Na shingo yake ni ndefu. Kwenye video inaonekana ndefu zaidi.

Jumatano, 4 Juni
Nkololo

Wamekuja kumi na mmoja. Mwaka jana walikuwa ishirini na wanne. Nikajiambia ni pamba, watu wako shambani wanachuma.

Mama Jilala, mwenyekiti wa kikundi, hamfichi mtu ukweli. Kasema si pamba, mwalimu. Kuna wanaomsubiri yule binti afike huku. Kwake kuna muziki. Kwako ni kama kanisani kabla padri hajaingia. Wakacheka wote. Nami nikacheka. Roho inaniuma hadi sasa.

Mwisho nimewalaza kama kawaida. Hapa pana siri, na leo naiandika, maana hakuna atakayeisoma.

Kumlaza mtu mzima chali, mchana, mbele za watu, huku hakuwezekani. Mwaka wa kwanza walinigomea kabisa. Anayelala hivyo ni mlevi au maiti! Nililala mimi mwenyewe kuwaonyesha, wakanyanyuka mmoja mmoja wakaenda zao. Mama Jilala ndiye aliyepata njia. Alisema: wewe nisalimie mimi. Mfu haitiki, nikiitika, nani atasema nimekufa? Basi tangu siku hiyo nampitia kila mmoja, namshika nyayo, namtaja jina, nampa salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Mwangaluka, Mama Jilala. Naye huitika, ananiita mama: Mwangaluka, mayu. Akishaitika, mwili wote unaachia. Nimewaona wakitokwa na machozi, wanawake waliozaa watoto wanane bila kupiga kelele.

Winnie hajawahi kuliona hilo. Kila tulipofika hapo nilimtuma maji. Miezi minane, maji! Kisima kiko mbali na yeye hakuuliza hata siku moja. Nilitaka kibaki kitu kimoja changu.

Jumapili, 15 Juni
Lamadi

Ujumbe wa Winnie, saa tatu asubuhi: shikamoo dada, naomba kuuliza, wewe unawalazaje? Mimi wananikatalia.

Nimeusoma. Ameona nimeusoma. Sijajibu.

Elina muuza sangara, mwanafunzi wangu wa hapa, kaniona nimenuna. Nikamweleza nusu. Kasema hayo si mambo ya kukaa nayo, nitafute samba, dawa ya kuvuta watu, wacheza ngoma wote wanayo na wafanyabiashara pia. Nikamcheka sana. Mimi, mwalimu wa kupumua, nizungukie waganga!

Kisha nikamuuliza anayeuza anakaa wapi. Nimeuliza tu.

Alhamisi, 19 Juni
Mwandoya

Habari tamu! Mama mmoja wa darasa la Winnie alianguka wiki iliyopita, akitoka mazoezini. Winnie anawarusharusha saa nzima halafu anawaachia hivyo hivyo na mioyo inadunda, waende kulima. Wengine wanasema miguu inawatetemeka mpaka jioni.

Nimefurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kabla sijauliza kama mama wa watu aliumia. (Goti. Anatembea.)

Jioni nimekutana na Winnie sokoni. Sikuwa nimejiandaa, nimeshika nyanya. Kapiga goti palepale kwenye vumbi. Shikamoo dada. Marahaba. Amekonda. Kauliza kama nilipata ujumbe wake. Nikasema mtandao wa Lamadi ni mbovu. Kaniangalia. Anajua, na akanitakia jioni njema, na hilo limenichoma kuliko kama angenitukana.

Nilisahau nyanya zenyewe pale pale mezani.

Jumapili, 22 Juni
Bariadi

Mama Jilala kapiga simu. Winnie ameomba kuja Nkololo. Kikundi kimegawanyika, nusu wanamtaka, nusu wananitaka, hawataki kugombana wakati wa mavuno. Basi wameonelea tufanye kama Bagika na Bagalu, vikundi viwili vya ngoma vinavyoshindania watazamaji: uwanja mmoja, saa moja, huyu huku na yule kule, watu watembee wenyewe. Watakakojaa, mwenye upande huo ndiye atakayebaki. Alikuwa anacheka akisema. Lakini hakuwa anatania.

Ningesema hapana. Ningesema yoga si ngoma, nani amewahi kusimama kutazama watu wanaovuta pumzi? Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema sawa, Jumamosi, saa mbili.

Benedikta aliyekuwa anachambua mchele kainua kichwa. Kaniuliza nimerogwa?

Jumatano, 25 Juni

Nimejaribu mbele ya kioo kuifanya shingo iwe ndefu.

Ijumaa, 27 Juni
Nkololo

Nimelala kwa Mama Jilala. Sijamwambia kuhusu ule ujumbe. Nikimwambia ataniuliza kwa nini, naye akiuliza hasogei mpaka ajibiwe.

Nimemsikia nje anamwambia jirani kwamba yule binti ana nguvu, lakini mwalimu Justina ana mikono. Nilitaka aseme tena.

Jumamosi, 28 Juni
Nkololo, uwanjani

Saa moja na nusu. Nimetandika upande wa miti. Yeye upande wa barabara, na kaka yake Mayige kaleta spika kwa pikipiki. Suruali ya zambarau. Kanisalimia kwa mbali, kwa mikono miwili.

Upande wangu kumi na sita. Upande wake sijahesabu. Nimehesabu. Thelathini na tatu.

*

Saa tatu kasoro. Naandika haraka, wamelala.

Muziki ulipoanza ardhi ilitetemeka hadi kwenye mikeka yangu. Nikasema vuta pumzi, shikilia — na wao wanachungulia. Mmoja kaondoka na viatu mkononi. Halafu wawili. Halafu dada wa wale wawili, na wengine. Watoto wote wako kule, wazee wa baiskeli wote wako kule, hata mbuzi! Winnie anacheka, anaruka, kila mtu kule anacheka. Nimemchukia. Naandika jinsi ilivyo: nimemchukia, na nilitaka kwenda kucheza.

Kwangu wakabaki tisa. Kwa hiyo nimewalaza mapema. Nimewaambia wafumbe macho, nikawasalimia mmoja mmoja, wameitika wote. Mazoezi yalikuwa bado nusu. Nimewalaza ili wasione.

Dakika kumi na tano sasa. Siwaamshi. Wakifumbua macho watahama.

*

Muziki umezimwa.

Kule wamesimama wameshika viuno, wanahema. Mama mmoja kakaa chini, kichwa katikati ya magoti. Winnie anasema nao na kuonyesha ardhi kwa mikono, walale. Hakuna anayelala. Nauona mdomo wake. Anawabembeleza. Mmoja anacheka, anatikisa kichwa. Mimi ninajua dawa yake. Maneno mawili tu.

Naendelea kuandika.

Sasa wanatazama huku. Wanawaona hawa tisa wangu wamelala chali, hawajafa, hawajalewa, nyuso zimelegea.

Wanakuja. Winnie yuko mbele, amevua viatu. Wanakuja kimya kabisa, watu zaidi ya thelathini, hata vumbi halinyanyuki. Kwa hesabu ya Bagika na Bagalu nimeshinda! Lakini aliyewaleta ni yeye. Hata hili kaninyang'anya.

Wamelala nyuma ya wangu, kwenye majani, bila mikeka. Wamekakamaa kama kuni. Macho wazi.

Mama Jilala kasema, hajafumbua macho: mwalimu, kuna watu hawajasalimiwa.

*

Nimerudi kukaa. Mikono ina vumbi la miguu ya watu, imechafua karatasi.

Nimewapitia. Nisiowajua nimewauliza majina. Mwangaluka, Rhoda. Mwangaluka, mayu. Mwangaluka, Mama Ngusa. Wa kumi hivi yule aliyekuwa ameinamisha kichwa. Nyayo zake zilikuwa baridi, nikazishika kwa muda mrefu. Kaitika mara mbili. Mwili ukaachia. Kila walivyoitika, nilijua Winnie anasikia. Nimesema kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza. Uwanja umetulia mno, amesikia yote.

Naye amelala. Mstari wa mwisho, peke yake, mikono kando. Shingo ile ndefu imekaa vibaya, ameikaza. Amefumba macho na midomo inacheza kidogo, kama mtu aliyeshika jibu tayari.

Wote wameshaitika. Amebaki mmoja.

Mama Jilala anakohoa.

Nimesogea na daftari hadi mstari wa mwisho, miguuni pa Winnie. Nyayo zake zina kovu nisilolijua. Ziko hapa, mbele ya daftari; naweka kalamu chini.