Bibi Ndani ya Riwaya ya Ombeni

Vene, uko? Nimechefukwa, sijui hata nianzie wapi.

Ndio tunatoka Ipogolo, kwenye uzinduzi wa riwaya ya kaka yangu Ombeni. Yule mchawi wa kitabuni anayeua vichanga ni Bibi! Bibi yetu, Vene, aliyezalisha nusu ya Rujewa! Kamwandika na dawa zake za mizizi, mpaka kile kidole kilichopinda.

Na Bibi alikuwa amekaa mbele kabisa, kavaa kitenge kipya.

Ombeni alipomaliza kutusomea kipande hicho, mtu akauliza, "Huyu mchawi umemtoa wapi?" Ombeni akatabasamu. Akatabasamu! "Tangu niokoke, imani yangu ndiyo inayoandika."

Imani gani? Mikono ile ile ya Bibi ndiyo iliyompokea yeye siku anazaliwa! Kinyaa kitupu.

Bibi akaninong'oneza, "Ni mimi huyo?" Nikamshika mkono, tukatoka.

Ombeni akatukimbilia nje na nakala kaisaini kabisa. "Bibi, usichukulie vibaya, ni hadithi tu."

Hadithi tu! Sasa hivi mle ndani si ilikuwa imani?

Bibi akamrudishia kitabu taratibu. "Mpe mtu asiyenijua, mjukuu wangu."