Huyu Bado

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naitanguliza salamu hii kama walimu wetu wa misheni walivyotuzoeza, ingawa najua kwamba safari hii huna hamu nazo salamu zangu. Goti lako linaendeleaje? Dawa ile ya kuchua imekusaidia, au ungali unapanda ngazi upandeupande? Sisi hapa tu wazima. Mjukuu wetu anakula vizuri, na kifua changu kimetulia tangu mvua zilipopungua.

Sasa niruhusu nikuombe radhi. Nimeelezwa na jirani yako kwamba siku ile ulisimama stendi tangu asubuhi, umevaa gauni lako la kanisani, ukilikagua kila basi lililoingia, na kwamba hukuondoka mpaka wafagiaji walipokuomba uwapishe. Nilikuwa nimekuahidi kwa mkono wangu mwenyewe kwamba ningemleta mtoto akae kwako hadi mama yake amalize masomo ya uuguzi. Sikumleta, wala sikukupelekea neno. Tangu utotoni umeniita Bwana Samahani, na naona jina hilo sijalitumikia ipasavyo.

Hukukosea ulipoandika kwamba mwanamume mzee, peke yake, hajui kulea mtoto wa miaka mitatu. Tangu wifi yako alipotutoka, nyumba hii ilikuwa imesahau kelele. Binti yangu aliponiachia mtoto, sikujua hata tucheze nini. Nilijaribu kumsomea gazeti. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasinzia.

Ndipo nilipokwenda kwa seremala wa mtaa wetu, yule ambaye wateja humwita Fundi Kesho, nikamwomba masalia ya mbao. Aliniuliza nataka kujenga nini. Nilipomwambia kwamba nataka kumchongea mjukuu wangu bata, aliitazama mikono hii iliyogonga mihuri ya posta maisha yake yote, akasema basi huyo bata tumwombee.

Bata nilimpata, dada, na nikamtia magurudumu, ila hakuna gurudumu lililokubali kuwa la mviringo. Akivutwa, anainama na kuinuka, anainama na kuinuka. Fundi akasema bata wangu amelewa. Mjukuu wetu akapinga, akasema anaitikia. Tangu hapo akawa anamuuliza maswali: kama anataka maziwa, kama babu amenyoa vizuri, kama mama atarudi. Akishauliza, anamvuta kamba, na bata anakubali yote. Baada ya bata alifuata ng'ombe, ambaye pembe zake zilivunjika, tukakubaliana kwamba ni punda.

Wiki za mwisho kabla ya safari nilianza kumchonga mwanasesere, ili mtoto awe na wa kubeba njiani. Hata kabla hajapata uso, mtoto alikwisha kumpa jina: Mama. Wakati huohuo nilikuwa nikimweleza, kwa upole niliouweza, kwamba yeye bado mdogo, kwamba babu hajui kumfulia wala kumsuka, na kwa hiyo atakwenda kukaa kwa bibi. Alinisikiliza kwa adabu ileile ya gazeti.

Siku moja kabla ya safari tulimpeleka mwanasesere kwa fundi amkague. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na mtaro ulio mbele ya karakana ulikuwa unakwenda kwa kasi. Fundi alimpitishia kidole gumba mgongoni, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu bado. Tupa kwanza." Akamrudishia mtoto, nasi tukaingia ndani kuitafuta hiyo tupa, maana vifaa vyake hulala popote vinapochokea.

Wewe uliyekua ukimtazama marehemu baba akinoa majembe unajua kwamba tupa ni kile chuma chenye meno. Mtoto hakujua. Yeye alijua neno moja tu, lile ninalomwambia kila siku kuhusu maganda ya ndizi. Akatii. Tulipotoka na tupa mkononi, alikuwa amesimama ukingoni mwa mtaro, mikono mitupu, na mwanasesere amekwisha kwenda na maji.

Fundi alicheka, kisha akauona uso wa mtoto, akaitua tupa chini. Aliikunja suruali yake, akaingia mtaroni, nami nikafuata ukingo mpaka pale maji yanapozama chini ya barabara. Hatukumpata.

Mtoto hakulia, na hilo ndilo lililonitia hofu. Jioni ile mezani alikaa na kijiko mkononi bila kukitia kinywani. Halafu akaniuliza, "Babu, mimi bado?"

Nisamehe, dada, upumbavu wangu. Nilidhani anaulizia udogo wake. Nikampapasa kichwa, nikamjibu kwa mapenzi yote niliyo nayo, "Bado, mjukuu wangu. Wewe bado kabisa."

Akashuka kitini. Akaenda akavaa ndara zake, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, kama kawaida yake, akasimama mbele ya mlango, mikono ameibana mbavuni. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akanijibu kwamba anangoja nimtupe.

Nilipiga magoti palepale sakafuni, na magoti yangu unayajua. Nikamwambia, "Wewe tayari. Ulikuwa tayari tangu siku uliyozaliwa." Aliniuliza tena, ili ahakikishe. Nikamjibu tena. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, huniuliza, nami humjibu vilevile. Baada ya hayo, dada, ningempandishaje kwenye basi?

Lakini nisijifiche nyuma ya mtoto. Kuna jambo ambalo hata fundi sijamwambia, ingawa nadhani analijua. Mwanasesere yule alikuwa kazi ya siku chache. Mimi ndiye niliyemchelewesha. Nilikuwa nikikwangua hapa nikiharibu pale, makusudi, kwa sababu nilijiambia kwamba akikamilika, mtoto ataondoka. Aliitwa "bado" kwa kuwa mimi nilitaka abaki bado. Na siku ile ulipokuwa stendi, nilijua kwamba unangoja. Niliitazama saa ya ukutani, nikaketi. Niliogopa kukaa tena katika nyumba hii nikimsomea gazeti kiti kitupu.

Kwa hiyo simleti, dada, si mwezi huu wala ujao. Badala yake nina ombi, nalo ni kubwa kuliko haki yangu. Nyumba yako nawe, umeniandikia mara nyingi, ina kimya mno. Chumba cha binti yangu kina dirisha la upande wa jua, na hapa hakuna ngazi hata moja.

Fundi anakusalimu bila kukujua. Mjukuu wetu, aliyekaa chini ya meza hii na kunishika soksi ninapoandika, nimemwambia barua ni ya nani. Amefikiri sana. Anasema bibi aje, ila asije na sanduku, maana mama yake alipobeba sanduku hakurudi. Nami, nikiwaomba radhi nyote wawili, nakusihi uje nalo, tena lile kubwa, na nguo zako zote ndani yake.

Wako akuheshimuye siku zote,
Mdogo wako, Bwana Samahani