Kikombe cha Upande wa Kulia

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumaini mgongo wako umetulia, na kwamba wifi bado anakukataza kubeba mitungi ya gesi kama kijana. Sisi huku hatujambo. Mzee ndiye mzima kuliko wote: anakula, analala, anakosoa.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini kwenye simu huniachi nimalize sentensi, na Mzee naye huwa amekaa pembeni katega masikio. Haya mambo yanataka utulie, usome mpaka chini, ndipo ukasirike kama bado utakuwa na hamu. Jumamosi unakuja na gari kumchukua. Tafadhali soma kabla hujaliwasha.

Unakumbuka tulivyokubaliana baada ya kumzika Mama. Mzee akae kwangu mpaka umalize kujenga kile chumba, halafu ahamie kwako moja kwa moja. Chumba kimekwisha zamani, kina choo chake na dirisha la bustanini, picha nimeziona. Na kila ukipiga simu Mzee anakupa jibu lilelile, kwamba atakuja baiskeli ikikwisha. Umeniuliza mpaka umechoka ni baiskeli gani hiyo isiyokwisha. Leo nakueleza.

Alipofika hapa mara ya kwanza alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa karakana, mgongo kwangu, uso barabarani. Si unajua hatukuwahi kupatana kuhusu kazi yangu. Jina la Cheche mtaa mzima unaniita kwa heshima, lakini aliyelitumia kwanza ni yeye, na alilitumia kwa hasira. Alisema nitaunguza macho kwa kuchomelea mageti ya watu na nitaishia peke yangu. Basi akawa anakaa pale, wateja anawaitikia salamu na baada ya hapo kimya. Jina la Mama alilitaja tu alipokuwa anatafuta chumvi. Niliogopa, Kaka. Niliogopa kwamba anamfuata.

Siku moja nikanunua mzigo kwa muuza chuma chakavu, nikitafuta mabomba ya kutengenezea nondo za dirisha la duka la dawa. Ndani ya mzigo kulikuwa na fremu ya baiskeli, kutu tupu, rangi imebanduka. Nikaibana kwenye jiriwa, nikavaa miwani, grinda ikaanza kulia. Yule Mzee ambaye kuinuka kwenye kiti kulikuwa safari, aliruka akachomoa waya ukutani! Akasema nikiikata hiyo fremu, leoleo anaondoka kwa miguu kwenda kwako. Nilivua miwani nimpe jibu lake. Nikamwona macho. Nikailegeza jiriwa.

Tukaipangusa kwa mafuta ya taa. Akanionyesha kwamba kila mabomba yanapokutana pana kifuko cha chuma kilichochongwa ncha nyembamba, na ndani yake shaba imeyeyushwa ikajaa vizuri bila tone kumwagika. Mimi ninayekula kwa kuunganisha chuma niliinama kuangalia tena, kwa adabu. Akaniambia nipime bomba. Likatoka milimita ishirini na nane kamili, wakati mabomba yangu yote yanakuja kwa inchi na hayajawahi kuangukia milimita nzima hata siku moja. Kisha akakwangua pedali zilizobaki. Moja ina herufi D, nyingine G. Akasema D ni kulia na G ni kushoto, kwa Kifaransa, kwa hiyo hii ni baiskeli ya Wafaransa, ya mbio za barabarani, ya zama za ujana wake. Nikamuuliza tangu lini anajua Kifaransa. Akasema anajua maneno hayo mawili tu na yamemtosha.

Sisi tumekua tukisikia kwamba kabla ya kuajiriwa kiwandani, kabla hatujazaliwa, alikuwa fundi baiskeli. Tulisikia tu. Sasa nikaona. Aliikwangua fremu kwa brashi ya waya, akaipiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe. Usukani tulioununua sokoni ukagoma kuingia kwa unene wa unywele, akakaa nao magotini kutwa nzima akiusugua kidogokidogo mpaka ukateleza ndani. Alikuwa anaimba, Kaka. Nyimbo zenyewe za ovyo, na sauti ni ileile inayofukuza paka, lakini alikuwa anaimba.

Halafu tukafika kwenye kikombe. Pale chini, ekseli ya pedali inapopita, kuna vikombe viwili vya chuma vinavyoshika gololi, kimoja kila upande. Cha kushoto kilitoka bila maneno. Cha kulia kikakataa katakata. Mzee akanieleza kwamba kwenye baiskeli upande wa kulia hufunguka kinyume cha skrubu zote za dunia, kwa hiyo tuzungushe kulia. Tukazungusha kulia. Tukamwagia mafuta, tukapasha moto, tukarefusha spana kwa bomba, tukaning'inia wote wawili kama nguo kwenye kamba. Wapi! Kila siku baada ya chai tunajaribu, tunashindwa, anafuta jasho, anasema kesho. Mama wa duka la dawa akawa anatuletea dawa ya misuli bila kuombwa.

Na katikati ya majaribio hayo, kwa kuwa yuko pale, akawa ananishikia nondo. Akaanza kunipangia vifaa. Akavaa ile aproni ya Mama yenye mfuko mmoja. Siku moja mteja akamwendea yeye kuuliza bei ya geti, akidhani mwenye karakana lazima awe mzee mwenye mvi. Mzee akamwambia amuulize fundi, yeye ni msaidizi tu. Nilizunguka nyuma ya ukuta nikalia mpaka pua ikaziba. Miaka yote hiyo nilijiambia sihitaji kusikia neno fundi kutoka kwake. Kumbe nilikuwa nalisubiri.

Sasa ndugu yangu, kaa vizuri.

Nilienda sokoni kununua gololi, nikamlalamikia fundi baiskeli wa pale kuhusu kikombe chetu. Akacheka mpaka akakalia ndoo. Akasema baiskeli za Wafaransa ndizo zisizofuata ule ukinyume. Vikombe vyote viwili hufunguka kushoto kama skrubu ya kawaida, na sisi muda wote huo tulikuwa tunakaza. Nikamuuliza kajuaje. Akasema alifundishwa na mzee mmoja mwenye aproni ya mfuko mmoja, aliyepita pale miezi kadhaa nyuma akitafuta kikombe cha akiba.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nilipanga maneno njia nzima. Nikamkuta mlangoni, chai kaimaliza, spana mkononi, ananiambia haya mwanangu, tujaribu tena. Nikaweka gololi mezani, nikashika bomba, nikavuta pamoja naye. Kulia. Na siku iliyofuata tena kulia, na nyingine, nikijua, na yeye akijua. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu.

Uliposema utakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baiskeli imalizike isimalizike, Mzee aliweka simu, akaenda kwenye jiriwa peke yake, akazungusha kushoto. Kikombe kikatoka. Hakunitazama. Nikamwambia najua tangu zamani. Akaniuliza mbona basi nilikuwa navuta. Nikamwambia kwa sababu hiyohiyo yake. Tulicheka, kisha akakaa kwenye kile kiti na kuanza kukuwaza wewe. Alisema umemjengea chumba na yeye hana uso wa kukuambia, utadhani hakupendi. Akaniomba nikuandikie mimi. Kwa hiyo nakuambia kwa niaba yake na yangu: anataka kubaki hapa, na mimi nataka abaki. Sikumteka. Ukiwa na hasira zigawe sawa.

Ila kuna jambo ambalo hakunituma. Fremu ile ni ndefu. Mimi nikiipanda siigusi ardhi, na Mzee ndiyo kabisa. Nilimuuliza tunammalizia nani, akanitazama kama aliyeulizwa jina lake. Kiti alikipandisha juu kwa kupima na ufito alioukata yeye, akisema huyu bwana miguu yake ni ya mama yake. Tumeipaka buluu, kwa kuwa anasema ulipokuwa mdogo ulikuwa unalilia ya buluu. Baiskeli za watu ametengeneza tele, anasema, ya mwanawe hakuwahi.

Basi Jumamosi njoo na gari kama ulivyopanga. Usibebe godoro la kumlaza njiani, beba kamba. Mzee utamwacha, baiskeli utaondoka nayo. Na kile chumba usimpe mtu, atakuja likizo akichoka na grinda yangu.

Msalimie wifi sana, mwambie vile viatu vilinitosha. Wabusu watoto. Mzee anawapa salamu zote, za kwake na zile za Mama alizokuwa anazituma katika kila barua.

Mimi mdogo wako,
Cheche

Nyongeza: Mzee kaniona nafunga bahasha. Anasema kikombe cha kulia lazima kifunguliwe kila mwaka kipakwe grisi, na asikiguse fundi mwingine yeyote, umletee mwenyewe. Anasema kinagoma sana kile, ujipange kukaa siku kadhaa.